Sproketi, jeti, ekzosi, kamshafti au silinda kubwa: ulinganisho wa njia za kuongeza nguvu ya pikipiki ya kruza

Mwenye pikipiki ya kruza, yaani ile ya kiti cha chini iliyotengenezwa kwa safari za utulivu kuliko mbio, akifika kwa fundi mjini Tabora na kulalamika kwamba pikipiki yake haina nguvu, huwa anamaanisha jambo moja kati ya matatu: haipandi mlima vizuri ikiwa imebeba mtu nyuma na mzigo, hailipiti lori upesi ikiwa tayari iko kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, au haifiki spidi ya mwisho ambayo mwenyewe anaitamani. Mambo haya matatu hayana dawa moja. Fundi asipouliza ni lipi, na mteja asipojua ni lipi, pesa huishia kwenye ekzosi yenye kelele, kwa kuwa ndiyo inayoonekana na kusikika, na baada ya wiki moja mlima unabaki kuwa uleule. Makala haya yanalinganisha njia tano zinazotumika zaidi, kwa macho ya mtu anayeendesha Tabora, Kigoma na barabara zinazounganisha mikoa hii miwili. Suala la spidi ya mwisho sitalishughulikia sana. Kruza haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na barabara zetu zenye ng'ombe, baiskeli za mkaa na matuta yasiyo na alama hazilihitaji.

Kwa kuwa maneno ya jumla hayamsaidii anayetaka kununua, nitatumia pikipiki mbili kama vipimo. Ya kwanza ni Yamaha XV250, inayojulikana zaidi kwa jina la Virago, ambayo muundo wa injini yake umeigwa pia na viwanda vya China: silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, kipenyo cha milimita 49, pistoni ikisafiri milimita 66, ujazo wa cc 249, kabureta moja na cheni. Ya pili ni Harley-Davidson Sportster 883, yenye silinda mbili pia, kipenyo cha milimita 76.2, safari ya pistoni ya milimita 96.8, na mkanda badala ya cheni katika matoleo ya baadaye. Hiyo ya pili ni nadra sana huku kwetu, lakini ndiyo kruza ambayo njia zake za kuongeza nguvu zimejaribiwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo inafundisha mengi hata kwa asiyekuwa nayo.

Zote mbili zina pistoni inayosafiri mbali kuliko upana wa silinda. Ndivyo kruza nyingi zilivyo, na ndiyo sababu huvuta vizuri zikiwa kwenye mizunguko ya chini bila kulazimishwa kupiga resi. Nguvu ya kuvuta inayoelekezwa kwenye gurudumu hutokana na torki, yaani ile nguvu ya kuzungusha, ikizidishwa na uwiano wa gia. Namba ya nguvu za farasi inayotangazwa kwenye matangazo ya biashara hupatikana mizunguko ikiwa juu sana, mahali ambapo mwenye kruza hufika mara chache. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila kifaa ni hili: kitaongeza torki kwenye mizunguko ninayoitumia kweli, au kitaongeza namba ya juu tu?

Kabla ya kufika kwenye vifaa, kuna hesabu ya hewa ambayo wauzaji wa vipuri hawana haja ya kumweleza mtu. Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ile ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, kwa sababu kila pistoni inaposhuka huvuta oksijeni kidogo zaidi. Virago yenye takriban nguvu za farasi 21 kwenye karatasi hubaki na 18 na ushei. Kigoma mjini, karibu na Ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko takriban mita 770, hasara ni asilimia 7 hivi, lakini ukiiacha Mwandiga nyuma na kupanda kuelekea Kasulu unarudi kwenye hewa kama ya Tabora. Ongeza joto la Septemba na Oktoba, ambapo hewa huzidi kuwa nyepesi kwa karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto, na utaelewa kwa nini pikipiki iliyosifiwa Dar es Salaam inaonekana mvivu huku bila kuwa na ubovu wowote.

Sproketi

Njia ya bei ndogo kuliko zote haigusi injini hata kidogo. Sproketi ni gurudumu la meno linalozungusha cheni: pikipiki yenye ya meno 16 mbele na 45 nyuma ina uwiano wa 2.81, ukiweka ya meno 15 mbele uwiano unakuwa 3.0, na nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 7 katika kila gia na katika kila mzunguko wa injini. Kuongeza meno matatu nyuma, kutoka 45 hadi 48, kunaleta matokeo yaleyale. Tofauti ni kwamba sproketi ndogo ya mbele huilazimisha cheni ikunjike zaidi, hivyo cheni huchakaa upesi, wakati sproketi kubwa ya nyuma inaweza kudai cheni ndefu zaidi. Kwa anayefanya jaribio tu, ya mbele ndiyo rahisi: hubadilishwa na fundi wa kawaida, na isipokupendeza unairudisha ya zamani.

Gharama yake iko kwenye mizunguko. Kama injini ilikuwa inazunguka mara 5,000 kwa dakika kwenye mwendo fulani wa safari, sasa itazunguka mara 5,333 kwa mwendo uleule, pamoja na mtikisiko na mafuta yanayoambatana na hilo. Kwa anayetoka Tabora kwenda Nzega kwenye lami kila wiki, akiwa peke yake, huu si ununuzi wa busara. Kwa anayebeba abiria na magunia kwenye njia za vijijini za Sikonge au vilima vya Buhigwe, hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko hii. Nalisema hili nikijua kwamba halina mvuto, kwa sababu hakuna anayesimama kutazama sproketi.

Angalizo la kiufundi ni kwamba njia hii haiko wazi kwa kila kruza. Yamaha DragStar 400, kwa mfano, hutumia shafti badala ya cheni, na huko hakuna jino la kupunguza. Kwenye Sportster yenye mkanda, gurudumu la mkanda la mbele hubadilika, lakini mkanda una urefu maalumu na haukatwi wala kuunganishwa kama cheni. Tena mita ya mwendo inayosoma kutoka kwenye giaboksi itaanza kudanganya, tofauti na ile inayosoma kutoka gurudumu la mbele.

Chujio, ekzosi na jeti

Vitu hivi vitatu nimeviweka pamoja kwa makusudi, kwa kuwa kuvinunua kimoja kimoja ndiko kunakoharibu injini nyingi. Wauzaji wa Harley-Davidson huuza mpangilio huu kwa jina la Stage I: chujio la hewa linalopitisha hewa zaidi, ekzosi inayotoa moshi kwa urahisi zaidi, na marekebisho ya mafuta yanayolingana na hayo mawili, ambayo kwenye kabureta hufanywa kwa kubadilisha jeti, yaani kipande kidogo chenye tundu la kupitishia mafuta. Ukiondoa hilo la tatu, umebaki na injini inayopata hewa nyingi na mafuta machache. Dalili zake zinajulikana: ekzosi inapiga vishindo ukiachia mafuta ghafla, injini inapata joto kuliko kawaida, plagi inatoka nyeupe, na baada ya muda vali ya ekzosi au kichwa cha pistoni kinaungua.

Faida ya mpangilio huu ukifanywa vizuri huwa, mara nyingi, kati ya asilimia 5 na 10. Linganisha namba hiyo na ile ya mwinuko hapo juu. Anayefanya kazi hii Tabora, kwa lugha nyepesi, anarudisha sehemu ya kile kilichochukuliwa na mwinuko. Hapati pikipiki yenye nguvu kuliko ya mwenzake aliyeko Tanga mwenye injini ya kiwandani. Sisemi hivyo ili kuikatisha tamaa njia hii, bali mnunuzi ajue analipia nini.

Kuna jambo jingine linaloihusu Tabora moja kwa moja. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani, ikiletwa hapa, humwaga mafuta mengi kupita kiasi, na plagi hutoka ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu. Kabureta ya aina inayotumia mvuto wa hewa kuinua bomba lake, kama ile ya Virago, hujirekebisha kwa sehemu, lakini si kikamilifu. Kwa pikipiki ya namna hii, kufungua chujio na ekzosi kidogo kunaweza kuusogeza mchanganyiko karibu na panapotakiwa bila kununua jeti kubwa, na wakati mwingine jambo la kufanya kabla ya yote ni kuweka jeti kuu ndogo kwa saizi moja na kuacha mengine yote yalivyo. Mteja hupata injini inayoitika vizuri na inayokula mafuta kidogo, kwa bei ya kipande cha shaba kinachotoshea kwenye ncha ya kidole. Mafundi wengi huifanya kazi hii kinyume: wanasikia neno "nguvu" na mkono unakwenda kwenye jeti kubwa.

Hata hivyo, anayesafiri kati ya mikoa hii miwili asipange mafuta hadi ukingoni. Kutoka Tabora kushuka hadi Ujiji hewa inakuwa nzito kwa karibu asilimia 4, na mchanganyiko uliokuwa sawasawa kabisa kule juu unakuwa na mafuta pungufu ukifika ziwani, tena baada ya safari ndefu ambayo injini imeshachemka. Kabureta ipangwe ili plagi itoke na rangi ya kahawia hafifu ukiwa Kigoma, kisha uvumilie uzito kidogo ukiwa Tabora. Injini hustahimili mafuta yaliyozidi kidogo kuliko yaliyopungua. Sportster zenye injekta, ambazo zilianza mwaka 2007, hazina shida hii ya mwinuko kwa kuwa kuna kihisio kinachopima shinikizo la hewa. Lakini nazo haziwezi kujua kwamba umebadilisha chujio na ekzosi, kwa hiyo zinahitaji programu mpya ya mafuta au kifaa kama Power Commander cha Dynojet, pamoja na mtu anayejua kukipanga. Mtu huyo ndiye mgumu kupatikana huku, na kwa sababu hiyo Sportster ya kabureta ina faida ya pekee kwa mtu wa Tabora, ingawa ni ya zamani.

Sasa vumbi. Chujio la wazi lenye umbo la koni, linalofungwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, huuzwa kwa sifa ya kupitisha hewa nyingi, na sifa hiyo ni ya kweli. Kwenye boksi la kiwandani hewa huvutwa kutoka mahali palipokingwa, huku koni likikaa pembeni ya injini likipokea vumbi lote linalorushwa na gurudumu la mbele na lori lililotangulia. Chembe za mchanga zikipita, hukaa kati ya ringi na ukuta wa silinda na kusaga vyote viwili. Kipimo chake ni rahisi. Baada ya safari ya vumbi, toa chujio, funga kitambaa cheupe kwenye kidole na kipitishe ndani ya bomba la hewa upande wa injini, yaani baada ya chujio. Kitambaa kikitoka kisafi au na unyevu wa mafuta tu, chujio linafanya kazi. Kikitoka na wekundu, injini imekuwa ikila udongo, na nguvu yoyote iliyoongezeka inalipiwa na maisha ya silinda. Chujio la pamba lililolowekwa mafuta yake maalumu, au la sponji lenye mafuta, likikaa ndani ya boksi lilelile la kiwandani, linatosha kabisa kwa kruza. Koni la wazi ningeliacha kwa wanaoendesha kwenye lami peke yake, na wa namna hiyo huku ni wachache.

Kuhusu ekzosi nitasema kidogo. Kutoboa ekzosi ya kiwandani au kutoa matumbo yake huongeza kelele kwa hakika na nguvu kwa bahati. Mawimbi ya moshi yanayorudi ndani ya bomba husaidia kutoa moshi uliobaki ndani ya silinda kwenye mizunguko fulani. Bomba likiwa fupi na pana mno, msaada huo huhamia kwenye mizunguko ya juu na ule wa chini hupotea. Ndiyo maana kruza iliyotobolewa hunguruma kwa kutisha ikiwa imesimama, kisha ikashindwa kuondoka vizuri na abiria. Bomba mbili zinazoungana na kuwa moja kabla ya kutoka nje, kwa injini ya V, hulinda torki ya chini vizuri kuliko bomba mbili fupi zinazojitegemea. Na trafiki hasomi mawimbi, anasikia kelele.

Kamshafti

Kamshafti ndiyo inayoamua vali zifunguke lini, kwa kimo gani na kwa muda gani. Kwa Harley-Davidson kazi hii huitwa Stage II, na huuzwa kwa namna mbili zinazofaa kutofautishwa kwa makini: ya torki na ya nguvu za juu. Ya torki huifunga vali ya kuingiza hewa mapema, hivyo hewa iliyokwishaingia haisukumwi kutoka tena pistoni inapoanza kupanda, na injini hujaa vizuri ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,500. Ya nguvu za juu huchelewesha kuifunga ili injini iendelee kujaa kwenye mizunguko ya juu, na bei yake ni kupoteza mgandamizo, yaani kule kubanwa kwa hewa na mafuta ndani ya silinda, kwenye mizunguko ya chini.

Mtu wa pwani anaweza kuvumilia hasara hiyo. Mtu wa Tabora tayari amepoteza mgandamizo kwa sababu ya hewa nyepesi, na kamshafti ya namna ya pili inamwongezea hasara mahali palepale anapopahitaji. Kwa hiyo kati ya kamshafti hizi mbili, kwa mazingira yetu, sioni sababu ya kusita: ya torki, au uache kabisa. Wauzaji huweka mbele ile nyingine kwa sababu namba yake ya nguvu za farasi ni kubwa.

Ugumu wa kazi hutofautiana sana. Sportster ina kamshafti nne, kila moja na kazi ya vali moja, zote zikiwa upande mmoja wa injini chini ya kifuniko kimoja, kwa hiyo hubadilishwa bila kufungua silinda. Lazima ziwekwe kwa alama zake, na kimo kipya cha vali kikizidi uwezo wa springi za kiwandani nazo hubadilishwa. Kwenye Virago kamshafti ziko juu, kila hedi (kichwa cha silinda) na yake, na kamshafti za kuongeza nguvu kwa injini hiyo ni adimu. Kinachoweza kufanywa kwa faida ni kuseti tapeti vizuri, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa ili vali ifunge sawasawa, jambo ambalo kwenye injini nyingi zilizotumika halijafanywa kwa miaka. Vali isiyofunga sawasawa huiba nguvu nyingi kuliko kamshafti yoyote inavyoweza kuongeza.

Silinda kubwa

Kwa ukubwa wa matokeo, hakuna njia inayoifikia hii. Sportster 883 na Sportster 1200 zina safari ileile ya pistoni, milimita 96.8. Tofauti ya ujazo imetokana na kipenyo, 76.2 dhidi ya 88.9. Kwa hiyo mwenye 883 anaweza kubadilisha silinda na pistoni, akaiacha krenki yake ilivyo, na kupata cc 1,202 badala ya 883, yaani ongezeko la asilimia 36. Torki hupanda kwenye mizunguko yote, kuanzia chini kabisa. Vifaa vingine vyote vilivyotajwa hapo juu hugombania asilimia 5 hapa na 7 pale.

Masharti yake lakini ni mengi. Hedi za 883 zina chumba kidogo cha moto na vali ndogo kuliko za 1200, kwa hiyo pistoni zichaguliwe zilizotengenezwa kwa ajili ya hedi hizo, zenye kishimo juu. Ukiweka zenye kichwa bapa mgandamizo hupanda kupita kiasi, na injini huanza kugonga ikipewa petroli ya kawaida. Petroli inayopatikana kwenye vituo vyetu ni ya daraja moja, hakuna pampu ya pili ya kuchagua, na anayejaza kutoka kwenye chupa za kando ya barabara hana uhakika hata wa daraja hilo. Mafuta yanapaswa kurekebishwa upya, klachi inaweza kuhitaji springi ngumu zaidi, na joto linaongezeka kwenye injini inayopozwa na hewa, ambayo mwezi wa Oktoba ikitembea polepole katikati ya mji hata ya kiwandani inaona taabu.

Kazi yenyewe nayo haimfai kila fundi. Silinda inayochongwa inahitaji mashine, maikromita, na mtu anayeacha nafasi sahihi kati ya pistoni na ukuta. Nafasi ikiwa ndogo pistoni hukwama injini ikipata joto, ikiwa kubwa injini hugonga na kula oili. Kununua silinda zilizokwisha kuchongwa pamoja na pistoni zake ni ghali, lakini kunaondoa hatari hiyo. Kisha kuna kilomita 800 hivi za kuizoesha injini bila kuikamua, na oili kubadilishwa mapema, jambo ambalo wenye haraka ya kuonesha pikipiki kwa marafiki huwa hawalifanyi.

Kwa Virago hadithi ni nyingine. Kuna wanaoamini kwamba kuchonga silinda na kuweka pistoni za oversaizi huongeza nguvu inayohisika. Oversaizi ya nusu milimita hupandisha kipenyo kutoka 49 hadi 49.5, na ujazo kutoka cc 249 hadi 254. Hiyo ni asilimia 2. Pikipiki huwa na nguvu zaidi baada ya kazi hiyo kwa sababu silinda iliyochakaa imekuwa mpya na mgandamizo umerudi, na hilo ni jema, ila lisiuzwe kwa jina jingine.

Kupandisha mgandamizo peke yake, kwa kukwangua hedi au kuweka gasketi nyembamba, ni njia ya tano, na nitaipita haraka. Hewa nyepesi ya Tabora inaruhusu mgandamizo wa juu kidogo kuliko pwani, lakini joto na petroli vinainyima nafasi hiyo, na injini iliyopangwa kwa ajili ya huku itagonga siku ikishuka Kigoma. Virago tayari ina mgandamizo wa 10 kwa 1. Turbo na gesi ya nitrasi siwezi kumshauri mtu anayetegemea pikipiki yake kumfikisha anakokwenda.

Kuchagua

Kwa mwenye kruza ndogo ya cc 250 anayebeba mtu au mzigo, mpangilio wangu uko hivi: kwanza tapeti, plagi na kipimo cha mgandamizo wa silinda, kisha jeti inayofaa mwinuko, kisha sproketi. Vyote vitatu kwa pamoja gharama yake haifikii ya ekzosi moja nzuri, na hakuna kinachopunguza maisha ya injini. Ekzosi ningeinunua tu ile ya zamani ikitoboka kwa kutu. Breki zikaguliwe kabla ya yote hayo, kwa kuwa Virago ina breki ya ngoma nyuma, na huwa imesahaulika.

Kwa mwenye kruza kubwa ambayo silinda zake bado nzima, chaguo ni kati ya chujio, ekzosi na mafuta kwa upande mmoja, na kuongeza kamshafti ya torki kwa upande mwingine. Ningeanza na la kwanza, niendeshe msimu mzima wa kiangazi, na kama kulipita lori kwenye barabara ya Urambo bado ni mtihani, ndipo kamshafti. Kazi hizi mbili hazipotezi gharama ya kila moja, kwa sababu kamshafti ingedai chujio na ekzosi hizohizo.

Silinda kubwa ningeiweka kwa mtu mmoja tu: yule ambaye 883 yake imeshaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili, na ambaye kwa vyovyote atafungua injini na kulipia silinda. Kwake, tofauti ya bei kati ya kurudisha 883 na kuijenga 1200 ni ndogo ikilinganishwa na anachopata. Anayefungua injini nzima isiyo na shida analipa mara mbili. Akumbuke pia kwamba kadi ya usajili inayotolewa na TRA huonesha ujazo wa injini. Pikipiki ikiwa na cc 1,202 huku kadi ikisema 883, maelezo hayo yanapaswa kurekebishwa kabla ya ajali au mauzo, si baada, maana kampuni ya bima ikitafuta sababu ya kutolipa haitahitaji kutafuta mbali.

Linabaki suala la kujua kama pesa imefanya kazi. Mashine ya kupimia nguvu hatuna, na masikio ni shahidi mbaya, hasa ekzosi ikibadilishwa. Tafuta kipande kilichonyooka na tambarare cha lami, asubuhi na mapema kabla ya upepo na magari, weka gia ya juu kabisa, shika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, fungua mafuta yote, na mtu aliyekaa nyuma apime kwa simu sekunde zinazopita hadi kufika 90. Fanya hivyo kwa pande zote mbili za barabara na uchukue wastani, kabla ya kubadilisha kifaa na baada ya kukibadilisha, mkiwa watu walewale na tangi likiwa na mafuta kiasi kilekile. Sproketi ikibadilishwa, mwendo usomwe kwenye GPS ya simu pale ambapo mita ya pikipiki inasoma kutoka kwenye giaboksi. Kifaa kisichopunguza sekunde hizo kirudishwe dukani kama bado muuzaji anakubali.